Dozi Nne kati ya Kumi

Saa mbili na robo asubuhi, mlango mzito kuliko milango yote ya hospitali unateleza polepole kwenye reli yake. Umejazwa madini ya risasi ndani, na unapogota mwisho, taa nyekundu inawaka juu ya fremu.

Chumbani amebaki mtu mmoja tu, mwalimu wa shule ya msingi. Amelala chali, mkono wa kushoto ameuinua juu ya kichwa. Nje ya mlango, mbele ya skrini, amesimama mwanamke wa miaka hamsini na mitatu. Miwani imemshuka puani, kidole kiko juu ya kitufe cha kipaza sauti.

“Mwalimu, unanisikia?”

“Nakusikia, Shangazi.”

“Naanza sasa. Pumua kama kawaida. Usijikune hata pua ikikuwasha.”

“Haya, umeshaitaja, imeanza kuwasha!”

Shangazi anacheka na kubonyeza. Huku nje hakisikiki kitu. Kule ndani, waya mwembamba unatoka kwenye sefu ya mtambo, unapita kwenye mpira mrefu, unaingia kwenye mrija uliopitishwa katika titi la mwalimu. Kwenye ncha ya waya huo kuna chembe ya mionzi, nyembamba kuliko punje ya mchele. Inasimama hapa sekunde kadhaa, inasogea, inasimama tena. Ikimaliza mrija mmoja inarudi na kuingia mwingine.

Macho ya Shangazi hayabanduki kwenye skrini. Mzaha umekwisha. Midomo inacheza kidogo, kama mtu anayesali, na mkono wa kulia umeshika ukingo wa meza. Ataushika hivyo hivyo mpaka taa nyekundu izimike.

Hospitalini wote humwita Shangazi, wagonjwa, wafagizi, hata daktari bingwa. Ni mtaalamu wa tiba ya mionzi, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake imekuwa kuendesha mtambo huu mmoja. Wengi wanaoletwa kwake ni wanawake waliogundua saratani ya titi mapema, uvimbe ukiwa bado mdogo. Daktari wa upasuaji huutoa uvimbe na kuliacha titi. Kisha hupitisha mirija kuzunguka mahali pale ulipokuwa, ili mionzi iingie humo humo na kuua mabaki yasiyoonekana kwa macho.

Dozi ni kumi. Mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kwa siku tano. Zikitimia, mirija huchomolewa na mgonjwa huenda nyumbani.

“Watu wanaogopa mionzi mingi,” anasema Shangazi akinywa chai kwenye kijichumba cha wafanyakazi, mlango akiuacha wazi ili asikie akiitwa. “Wananiuliza, Shangazi, hutaniunguza? Sitang’aa gizani? Nawaambia tulieni, mingi tunaijua, tunaipima. Mimi ninayoiogopa ni pungufu.”

Anaweka kikombe chini. Anakigeuza mpini upande wa pili, kisha anaurudisha ulipokuwa.

“Mdogo wangu alipata nne.”

*

Mdogo wake alizaliwa miaka sita baada yake. Tangu utotoni aliitwa Chiriku, kwa jinsi alivyokuwa haachi kusema. Alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja cha mbele katika nyumba ya kupanga, viti vitatu na kioo kilichopasuka pembe, na benchi la wanaosubiri ambalo mara nyingi lilikaliwa na watu wasiotaka kusukwa. Walikuja kumsikiliza.

Hakuolewa. Akiulizwa, alijibu, “Saluni ndiyo mume wangu. Inanilisha, hainipigi, na usiku naifunga kwa kufuli.”

Miaka mitatu iliyopita, akioga, aligusa kitu kigumu kando ya titi la kushoto. Kilikuwa kama kunde moja iliyosahaulika chunguni. Hakupoteza hata siku moja. Alikuwa na dada hospitali, na dada huyo alikuwa amemwimbia kwa miaka mingi kwamba ukigusa kitu usikae nacho.

Vipimo vilionyesha ni saratani, changa, haijatoka ilipo. Daktari alifurahi, kama daktari anavyoweza kufurahi kwa habari kama hiyo. Alimweleza Chiriku njia mbili baada ya upasuaji. Ya kwanza ilikuwa mionzi ya nje, ambayo mtambo wake uko mji mwingine, na ingemlazimu kuishi huko wiki kadhaa. Ya pili ilikuwa ya ndani, hapa hapa, siku tano.

“Dada, ingekuwa wewe?” Chiriku aliuliza.

“Ningechagua ya ndani,” alijibu dada yake.

Daktari bingwa, aliyekubali kuzungumza kwa ruhusa ya familia, anasema ushauri ule ulikuwa sahihi. “Kwa uvimbe wa namna ile, ningemshauri hivyo hivyo hata mke wangu. Nimemwambia Shangazi mara nyingi. Anaitikia kwa kichwa tu.”

Shangazi hakutaka kumhudumia ndugu yake mwenyewe. Aliomba mwenzake ashike zamu. Lakini mwenzake alikuwa ndio kwanza ameanza likizo ya uzazi, na mtu wa tatu hakuwepo. Basi akashika yeye.

Siku mirija ilipowekwa, Chiriku alizinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi na kujitazama kifuani. Mirija ilikuwa imepangwa safu kwa safu, ncha zimetokeza huku na huku.

“Ama kweli!” alisema. “Nimesuka vichwa vya mtaa mzima, leo na mimi nimesukwa titi. Na mistari imenyooka, jamani. Nani fundi?”

Wodi nzima ilicheka. Mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyekuwa hajala tangu jana yake, aliomba uji.

*

Dozi nne za mwanzo zilikwenda bila tatizo. Chiriku alilala akizungumza na kipaza sauti muda wote, akimsimulia dada yake habari za wateja, nani kaachwa, nani kanyoa upara kwa hasira. Shangazi alimwambia anyamaze apumue vizuri. Hakunyamaza.

Dozi ya tano ilikuwa asubuhi ya siku ya tatu. Chembe ilikwishapita mrija wa kwanza na wa pili. Ilipokuwa katika wa tatu, king’ora kililia.

“Skrini iliandika kwamba waya haurudi,” anasimulia Shangazi. “Nikabonyeza kitufe cha dharura. Kitufe hicho unakibonyeza, waya unarudi, basi. Nikabonyeza tena. Taa nyekundu palepale.”

Kwa hali kama hiyo kuna utaratibu mmoja. Mtu anaingia, anakwenda upande wa mtambo wenye mpini, na kuuzungusha kwa mkono mpaka waya urudi sefuni. Mwanafizikia wa hospitali, kijana ambaye kazi yake ni kupiga hesabu za dozi, alikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni. Anasema hakuwahi hata kunyanyuka.

“Nilisikia king’ora, nikageuza kichwa, Shangazi alikuwa ameshaingia,” anasema.

Chiriku alimwona dada yake akiingia mbio na macho yakamtoka.

“Dada, mbona umekuja? Si ulisema hakuna anayeingia?”

“Usitikisike.”

“Kuna nini?”

“Nyamaza wewe! Usitikisike!”

Mpini ulikuwa mgumu. Aliuzungusha kwa mikono miwili, mguu mmoja ameukanyagisha kwenye kitako cha mtambo. Ukalegea. Waya ukarudi, taa ikazimika, king’ora kikakoma. Yote hayo, kwa hesabu ya mwanafizikia, hayakufika dakika moja.

Shangazi aliifungua mipira ya mtambo kutoka kwenye mirija, akasukuma kitanda cha mdogo wake hadi koridoni. Aliketi sakafuni. Chiriku alining’iniza mkono kutoka kitandani, akamshika bega.

“Nimekufa?” aliuliza.

“Hujafa.”

“Basi inuka, watu wanatuangalia.”

*

Mwanafizikia alipiga hesabu mpaka jioni. Mahali pale chembe ilipokwama pamepata mionzi kupita kiasi, lakini ni sehemu ndogo kama ncha ya kidole. Huenda ngozi ikawa ngumu hapo baadaye, alisema, si zaidi. Shangazi mwenyewe, ambaye huvaa kipimo kifuani kila siku, hakuwa amepata kiasi cha kutisha.

Kilichomnyima usingizi kijana yule kilikuwa sehemu iliyobaki. Dozi nne kamili na ya tano iliyokatika. Chini ya nusu.

“Ukila nusu ya chakula, utashiba nusu,” anasema. “Dozi haiko hivyo. Nusu ya dozi haimaanishi nusu ya kupona. Seli iliyojeruhiwa isife hujitibu, ikaendelea.”

Mtambo ukafungwa. Sheria hairuhusu utumike tena mpaka fundi wa kampuni iliyoutengeneza aje aukague, na fundi huyo yuko nchi nyingine, bahari kadhaa kutoka hapa. Aliomba picha. Akatumiwa. Akasema kuna kipuri kinahitajika. Kipuri kikahitaji kibali, na kibali kikahitaji sahihi ya mtu aliyekuwa safarini.

Chiriku akawa amelala wodini na mirija kifuani, akisubiri. Daktari alisema wanaweza kuvumilia siku chache. Kila asubuhi Shangazi alipita kwenye chumba cha mtambo akiangalia kama kuna simu yoyote, kisha akapanda wodini kusema neno lile lile, “Bado.”

“Mvumilivu hula mbivu,” Chiriku alimjibu siku ya kwanza. Siku ya pili alisema, “Hizi mbivu zimeanza kuoza.” Siku ya tatu alivuta shuka usoni.

Ngozi ilianza kuwa nyekundu kwenye matundu ya mirija. Kisha usaha. Kisha homa. Daktari hakuwa na la kufanya. Akaagiza mirija itolewe.

Shangazi alikuwepo. Kila mrija ulipochomolewa Chiriku alikaza meno, na ulipotoka wa mwisho alimtazama dada yake. Alitabasamu upande mmoja wa mdomo.

“Sasa ndiyo nini hii? Mmenifumua kabla hamjamaliza kusuka.”

Safari hii hakuna aliyecheka.

*

Fundi alikuja baada ya miezi saba. Alikuwa mtu mpole, alifanya kazi siku mbili, akabadilisha kipuri ambacho angeweza kukitia mfukoni mwa shati. Tangu siku hiyo mtambo haujasumbua tena.

Chiriku alikwishaandikishwa kwa mionzi ya nje katika ule mji mwingine. Huko foleni ilikuwa ndefu, na madaktari hawakuafikiana. Wakimpa dozi kamili juu ya zile nne, wanaweza kumuumiza pafu na moyo. Wakimpunguzia, huenda isifae kitu. Waliomba hesabu za mwanafizikia, wakaziangalia, wakaomba tena. Miezi ikayoyoma. Chiriku alirudi saluni kwake, mkono wa kushoto ukiwa mzito, akisuka vichwa vichache kwa siku.

Zamu yake ilipofika ulikuwa mwezi wa nane tangu mtambo ukwame. Kabla ya kuanza walimpima upya. Kando ya kovu, umbali wa kidole kimoja kutoka pale palipopata mionzi ya ziada, palikuwa na uvimbe mpya. Na kwapani mwingine.

Titi likatolewa. Zikafuata dawa za kuua saratani, nywele zikamdondoka, naye ndiye msusi. Ikafuata ile mionzi ya nje aliyoisubiri. Kwa mwaka mmoja ilionekana kama mambo yametulia. Kisha mgongo ukaanza kumuuma, na picha ilionyesha saratani imeshaingia kwenye mifupa.

Je, dozi kumi zingeizuia? Daktari bingwa anatazama mikono yake kabla ya kujibu.

“Siwezi kuapa. Wapo wanaomaliza zote kumi na bado ikarudi. Si wengi, lakini wapo. Sitajua, na Shangazi hatajua. Nadhani ndicho kinachomla.”

*

Sasa Chiriku anaishi kwa dada yake. Saluni ilifungwa, viti vitatu viliuzwa, kioo alichukua mpangaji mpya. Amepewa chumba chenye dirisha la barabarani, kitanda kimesogezwa ili aone wapita njia. Zamani angekuwa na neno juu ya kila mmoja wao. Siku hizi anawatazama tu. Wakati mwingine midomo inafunguka, kisha maumivu yanapanda na anaifunga.

Jina la Chiriku bado wanamwita. Shangazi anasema linamkata kama wembe kila anapolitamka, ila kuliacha kungekuwa kama kumzika kabla ya siku zake.

Majirani wana lao. “Mganga hajigangi,” wanasema, wengine kwa huruma, wengine si kwa huruma. Mmoja alimuuliza waziwazi ilikuwaje anaponya watu baki na wa tumbo moja amemshinda.

Lakini neno lililomvunja Shangazi halikutoka kwa majirani. Lilitoka ndani ya nyumba yake, jioni moja aliporudi kazini akiwa amechangamka. Mgonjwa wake wa wiki ile, mama wa watoto wanne, alikuwa amekamilisha dozi zote na kumkumbatia mlangoni. Shangazi alisimulia huku akivua viatu. Hakufikiri.

Chiriku alijiinua kwenye mto.

“Wenzangu unawamalizia,” alisema. “Mimi mbona hukunimalizia?”

“Mdogo wangu…”

“Uliniambia siku tano. Uliniambia ungekuwa wewe ungechagua hiyo hiyo. Mimi nilikuamini wewe, sikuamini daktari.”

“Mtambo uliharibika, ulikuwepo, uliona.”

“Najua uliharibika! Usinieleze mtambo. Nakuuliza wewe.”

Shangazi alisimama na kiatu kimoja mkononi. Siku tatu hawakusemeshana. Alimwogesha, alimlisha, alimpa dawa ya maumivu kwa kijiko, mgonjwa akifungua na kufumba mdomo kama mtoto aliyenuna. Siku ya nne Chiriku alisema chai haina sukari.

“Hakuniomba radhi,” anasema Shangazi, “na mimi sikutaka aniombe. Kwani amekosea wapi? Hilo ndilo swali. Mimi mwenyewe najiuliza kila nikibonyeza kile kitufe.”

Anaulizwa kwa nini basi hajaomba kuhamishwa. Mwenzake alikwishahamia kwingine baada ya uzazi, na Shangazi amebaki peke yake. Mtambo ni huu mmoja.

“Nikiondoka, huyu mwalimu wa leo atamaliziwa na nani?” anasema. “Mtu akishaanza hapaswi kusimama. Siwezi kusema nimeshiba huzuni, naenda zangu.”

Mwanafizikia anasema tangu tukio lile Shangazi ana tabia mpya. Kabla hajawasha chochote, anaingia chumbani peke yake na kuuzungusha ule mpini wa dharura, mbele na nyuma, kuhakikisha haujakaza. Kila siku, hata kama ameuzungusha jana yake. Hawamzuii.

“Kuna siku nilimkuta ameushikilia tu,” anasema kijana. “Hauzungushi. Ameuinamia. Nikarudi nje nikasubiri.”

*

Mama yao yuko hai. Ana miaka themanini kasoro, anaishi mbali, safari ya siku nzima kwa basi, na moyo wake ni wa kubembelezwa. Hajaambiwa. Mwanzoni walimwambia ni kijiuvimbe kimetolewa. Nywele zilipodondoka, Chiriku aliacha kupeleka picha. Mgongo ulipoanza, walisema ameteguka akiinua ndoo. Kila uongo ulihitaji mwingine wa kuushikilia.

Daktari amewaambia hakutakuwa na matibabu mengine isipokuwa ya kupunguza maumivu. Chiriku alisikiliza, akauliza swali moja tu, kama ataweza kusafiri. Daktari alisema ataweza sasa. Mwezi ujao hawezi kuahidi.

Ndiyo maana Shangazi ameomba likizo, ya kwanza kwa miaka miwili. Hospitali imekubali kutopokea wagonjwa wapya kwa wiki mbili. Wanaondoka Jumamosi. Amekata viti vya mbele, ambako basi halirushi sana, na amefunga dawa kwenye mkoba wake mwenyewe ili zisipotee kwenye buti.

Hana tena matumaini makubwa, anasema, na hataki kupewa. Analo dogo. Kutoka pale basi litakapowashusha hadi mlangoni kwa mama ni mwendo mfupi, njia ya mchanga, haina kilima.

“Nataka aingie kwa miguu yake. Nitamshika, fimbo atashika, lakini aingie kwa miguu yake. Mama amwone amesimama kwanza, ndipo tumwambie. Nikilipata hilo tu, jamani, nikilipata hilo.”

Jioni hiyo anampigia mama simu, akiweka sauti wazi ili mdogo wake asikie kutoka kitandani.

“Shikamoo Mama. Jumamosi tunakuja.”

“Marahaba mwanangu. Tunakuja, wewe na nani?”

“Na mdogo wangu.”

Kwa mbali, upande wa pili, kuna sauti ya kuku na ndoo inayoburutwa.

“Mbona hamjawahi kuja wote wawili siku isiyo ya msiba?” anauliza mama.

Shangazi anamtazama mdogo wake. Chiriku ananyoosha mkono, anaichukua simu, anakohoa kusafisha koo, na kwa mara ya kwanza wiki hii sauti yake inatoka juu, nyepesi, ya saluni.

“Mama, nimekumiss tu. Usipike, nitapika mimi.”

“Wewe? Utapika nini wewe, hujui hata kuchemsha maji!”

Anacheka, mama naye anacheka, wanaagana. Chiriku anairudisha simu na kugeukia ukutani. Dada yake anamfunika shuka mpaka mabegani na kubaki ameketi ukingoni mwa kitanda. Hakuna anayewasha taa.